Chini ya Taa za Tyubu

Mwanamke aliingia karakana ya mbao mikono ingali myeusi kwa grisi, akamkamata shemeji yake ukosi wa shati na kumvuta mzima mzima kutoka kwenye msumeno wa meza.

"Toka hapo! Nani kakuambia usimame hapo?"

Shemeji, mdogo wa mumewe, hakuwa amemaliza hata asubuhi moja kwenye kazi hiyo. "Taratibu, shemeji," alisema kwa aibu. "Bosi kanipa nafasi ya kaka."

"Nafasi ya kaka yako, au ajali ya kaka yako?"

Mafundi wengine wakaacha kazi kumtazama. Mashine ya randa peke yake iliendelea kunguruma pembeni, hakuna aliyekumbuka kuizima. Darini tyubu ndefu zilimwaga mwanga mweupe, choki zake, visanduku vya kudhibiti umeme wake, zikivuma kama nyuki waliofungiwa koponi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati tangu bosi alipojenga stoo ubavuni. Jua halikuwa na pa kuingilia tena.

Bosi akatoka ofisini. Mafundi walimwita Kumi, kwa siri, maana hakuchoka kuonyesha vidole vyake vyote na kujisifu kwamba amepasua mbao ujana wake wote bila kupungukiwa hata ukucha.

"Mama, hapa si gereji kwako."

"Na mume wangu si mlevi."

Neno hilo ndilo lililomkaa kooni. Kule hospitalini mumewe alilala na mkono uliofungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, vidole vitatu havipo, na kila aliyemuuliza alimjibu jambo lile lile: msumeno ulikuwa umesimama. Aliuona kwa macho yake umesimama, ndipo akapeleka mkono kuondoa kibanzi. Daktari aliguna. Mama mkwe aligeukia ukutani. Habari za ulevi, alizozitangaza bosi, zilikuwa zimeshafika wodini, na shuleni pia, ambako binti yao alikuwa akiitwa mtoto wa chupa. Hata yeye mwenyewe, mke, aliinama kama anayembusu mumewe, kumbe anamnusa mdomo. Mumewe alielewa. Alifumba macho.

Alirudi gereji kwake, alikokuwa fundi magari, akiwa na hasira na kila mtu, akianza na nafsi yake. Kulikuwa na gari lililokuwa likikohoa. Akalibadilishia koili, akasafisha plagi, akaliwasha. Kisha akachukua taa ya kupimia cheche, ile inayowaka na kuzima kila plagi inapochoma, akaimulika puli, gurudumu la mkanda wa injini, iliyokuwa ikizunguka kwa kasi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka nenda miaka rudi. Safari hii aliduwaa akiitazama puli ilivyoonekana imesimama tuli, mpaka mwenye gari akamuuliza kama anaumwa. Akaiweka taa chini, akatoka bila kunawa.

"Taa zako haziwaki mfululizo," alimwambia bosi sasa. "Kwa choki hizi, na zote umezifunga kwenye waya mmoja, zinazima na kuwaka kwa pamoja. Zinazima na kuwaka upesi mno, jicho halishtuki."

Bosi akacheka. "Taa na vidole, wapi na wapi? Msumeno ukizunguka, unazunguka. Mtu mzima na akili zake hawezi kuingiza mkono, labda awe amekunywa. Hata kipofu angeusikia."

"Kwa kelele za randa hii?"

"Mama, nina oda za watu."

"Simama alipokuwa amesimama yeye." Alimwonyesha meza kwa kidole chenye grisi. "Simama mbele ya watu wako. Usipoona kitu, nitapiga magoti hapa hapa nikuombe radhi, na nitamwita mume wangu mlevi kwa mdomo wangu."

Hapo bosi hakuwa na pa kukwepea. Akasogea mezani kwa maringo, akageuka kuwaelekea mafundi, akainua mikono yote miwili na kuvitandaza vidole hewani.

"Mnaviona? Hivi havikubaki kwa bahati. Vimebaki kwa akili!"

Mafundi wawili watatu wakacheka, cheko la kumridhisha mwajiri. Nyuma yake mwanamke alikuwa ameinama chini ya meza, ilipo swichi. Alipoinuka, mkononi alikuwa na kipande cha ubao.

Bosi akageuka. Msumeno aliukuta umetulia mbele yake, meno yakionekana moja moja, makali na safi.

"Haya, washa tuone."

Mwanamke alimkodolea macho. Alikuwa amebana meno, mishipa ya shingo imemtoka.

"Si nimesema washa? Unanikodolea macho ya nini?" Bosi akawageukia tena mafundi. "Fundi umeme huyu! Kuwasha mashine tu kumemshinda, halafu amekuja kunifundisha mambo ya taa!"

Safari hii walicheka wengi. Shemeji peke yake hakucheka. Alikuwa amejibanza ukutani, mkono kaubana kwapani.

"Au imekwama," bosi akanung'unika. Akainama. Kibanzi kilikuwa kimelala juu ya meza, kando kabisa ya meno. Akasonya, akanyoosha mkono akitoe.

Mwanamke akamdaka kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, kucha zikazama katika nyama. Kwa mkono wa pili akasukuma ubao kwenye yale meno yaliyotulia, nao ukakatika vipande viwili, unga wa mbao ukawarukia usoni.