Vitone Vinane na Pengo

Fundi Shaweji alikuwa ameshika swichi kuu ya maabara, barua ya kuifunga maabara hiyo ikichungulia mfukoni mwa shati lake.

"Nimeambiwa saa sita, mwanangu. Ndiyo hii."

Mwantumu hakubanduka kwenye skrini. Atomu zake tisa zilikuwa zinaelea ndani ya mtego wa umeme, kila moja kama sumaku ndogo. Alikuwa akipunguza nguvu inayozivuruga, polepole, mpaka zifike pale zinapokubaliana zenyewe kuelekea upande mmoja. Picha ikipigwa, iliyogeukia juu inawaka. Iliyogeukia chini haionekani. Miezi saba alikuwa akiisubiri picha hiyo.

"Nipe dakika moja, baba."

"Huwezi kuzikimbiza?"

"Nikizikimbiza zinachanganyikiwa."

Simu ya fundi ikaita. Akasema "ndiyo, mkuu" mara tatu, akamtazama Mwantumu kama mtu anayeomba radhi kabla ya kosa. Picha ikaingia, na papo hapo swichi ikashushwa. Mashine zikanyamaza.

Skrini peke yake, kwa nguvu ya betri, ilibaki na vitone vinane vinavyowaka, na pengo jeusi katikati.

Fundi akainama. "Zimekubaliana?"

"Nane."

"Na hii?"

Mwantumu akaweka kidole juu ya giza lile. Huenda ilikataa, ikageukia chini. Huenda chembe ya hewa ilishaigonga, ikaitoa mtegoni. Baada ya kila picha huziwasha zote kwa mwanga ahakikishe hakuna iliyopotea. Sasa hakuwa na cha kuwashia.

Betri ikaanza kulia. Hakuondoa kidole.