Upande wa Abiria

Hakuwa na gari lake mwenyewe, hakuwa na lugha ya nchi ile, hakuwa na meno mawili ya mbele, na kwa miaka kadhaa sasa hakuwa na masikio. Mkewe aliyajua matatu ya kwanza.

Masikio yenyewe yalikuwa mahali pake, makubwa na safi, lakini kazi iliyobaki ilikuwa kushikilia miwani. Kiwanda cha misumari kilikuwa kimeyamaliza. Mle ndani mafundi hawakusikilizana. Walisomana midomo, na yeye alikuwa bingwa, hata kwa mtu mwenye masharubu. Ndiyo maana nyumbani mambo yalikwenda. Walikula wakitazamana, wakagombana wakitazamana, na mkewe alizoea kumsifu kwa mashoga zake: "Fundi wangu nikisema, ananitazama. Nani mwingine ana mume wa hivyo?"

Ndani ya gari hawakutazamana.

Safari ilikuwa zawadi ya kifungua mimba wao, binti mhandisi wa madaraja. Aliwalipia ndege, akawakodia gari dogo la buluu, wapite miji ya pwani ya ng'ambo mmoja baada ya mwingine mpaka barabara iishe. Siku ya kuagana alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akamnong'oneza jambo. Fundi aliona kisogo tu.

Usukani hakuukataa. Angesema nini? Mtu aliyeanza kwa kufagia vyuma, akasoma shule ya usiku, akamaliza akiwa msimamizi, leo aitwe kiziwi? Anyang'anywe funguo, ashikwe mkono kuvuka barabara kama mtoto? Afadhali kaburi.

Akajitungia mbinu. "Kona ikija nionyeshe kwa kidole," alimwambia mkewe. "Mdomo hukosea, kidole hakikosei." Mkewe akicheka, naye alicheka. Mkewe akinyamaza baada ya kusema sana, yeye alijibu, "Ni kweli, mama." Na akihisi maneno yalikuwa mazito, alitoa jibu lililomwokoa tangu ujana: "Hilo tu?"

Mji wa kwanza ulipita salama. Katika mji wa pili, gari la wagonjwa lilimfuata mtaa mzima likilia, naye akijikokota katikati ya barabara, akistaajabia maua ya kwenye roshani. Watu walitoka madukani wakamtolea ngumi. Mpaka mkewe alipompiga bega ndipo akapisha.

Waliposimama, mkewe alimgeukia, na midomo yake ikasomeka vizuri mno. "Mtu anakata roho mle ndani, wewe unaringa! Kiburi chako kitatuua."

"Watu wa huku wana haraka kama wameiba," alisema Fundi.

Uso ulimwaka moto. Lakini bora aitwe mwenye kiburi. Mwenye kiburi bado ni mtu mzima. Kiziwi ni mzigo. Siku ile yote mkewe hakumsemesha tena, au kama alimsemesha, Fundi hakujua.

Kesho yake barabara ilipanda majabali, bahari ikiwa chini kabisa, kona juu ya kona. Macho ya Fundi hayakubanduka barabarani. Kwa pembe ya jicho aliona taya la mkewe likienda. Lilikwenda wakapita kijiji kizima, likaendelea hadi kijiji cha pili. Kisha mkewe akatoa leso, akajifuta macho, na Fundi akapandisha kioo, maana upepo ulikuwa na mchanga.

Taya likasimama. Mkewe alikuwa amemgeukia, anasubiri.

Fundi alijua anadaiwa jibu. La nini? Bila shaka lile gari la wagonjwa. Mwanamke huyu hakuwa na dawa ya kusahau. Akatabasamu kwa pengo lake lote.

"Hilo tu?" alisema. "Basi twende tukale."

Mkewe aliinama, akaubusu mkono wake ulioshika gia.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Alimaliza sahani yake, akaingilia ya mumewe. Alivua viatu akakimbilia majini kama msichana. Na alilala fofofo, yeye ambaye tangu waoane alikuwa akigaagaa kitandani hadi alfajiri. "Kumbe bahari ni dawa," Fundi alijisemea, akajipongeza kwamba bado siri yake i salama.

Mji wa mwisho, barabara iliishia kwenye ukuta wa bandari. Mwenye nyumba ya wageni aliiona picha ya binti yao, akainua kidole gumba. Fundi hakuhitaji lugha. Alijigonga kipaji cha uso, akaigonga picha, akajigonga tena: kichwa kile kimetoka hapa. Alipogeuka, mkewe alikuwa akimtazama kwa mapenzi mpaka akaona haya.

"Tumwandikie mtoto," mkewe alisema.

Barua za nyumba ile ziliandikwa na Fundi sikuzote; mwandiko wake wa shule ya usiku ulikuwa fahari ya ukoo. Wakakaa mezani wakitazamana. Mkewe akatamka polepole, kama mwalimu wa imla, naye akawa anatazama midomo, kisha karatasi.

"Mwanangu, tumefika salama. Lile uliloniomba nimelitimiza."

Akaandika.

"Kule majabalini nilimwambia baba yako yote, tangu mwanzo. Nilimwambia kwamba wewe si damu yake."

Kalamu ikasimama.

"Wino umeisha?" mkewe aliuliza, akitabasamu.

"Bado upo."

"Basi andika. Nilidhani atanishusha pale pale njiani. Badala yake alitabasamu, mwanangu, akasema, 'Hilo tu?' Kumbe miaka yote nilikuwa namwogopa mtu nisiyemjua."

Fundi aliandika yote bila kufuta neno. Chini kabisa akaweka sahihi yake ya siku zote: Baba yako. Akalamba gundi, akafunga bahasha, akamwachia mkewe amshike mkono kuvuka barabara, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.