Sikio la Profesa

Kwenye kila hafla ya chuo, mkewe humshika kiwiko na kumnong'oneza majina ya watu, isijulikane kwamba profesa amesahau hata wanawe.

Jioni ya uzinduzi wa kitabu chake, akawajia mwanamke mwenye kidoti juu ya mdomo. Mke hakuwahi kumwona.

"Kidoti!" profesa akasema mwenyewe, uso umemchanua. "Bado unalala taa ikiwaka?"

Mwanamke akainamisha macho, akatokomea kwenye umati.

Mke hakukiachia kiwiko. Alimfuta mumewe mate pembeni mwa mdomo, taratibu, mpaka pakakauka.

Mkuu wa chuo akaja na wapiga picha wake, mkono kaunyoosha. Profesa akatega sikio, kama mtoto anayesubiri kulishwa.

"Huyu dereva wetu," mke akanong'ona. "Kachelewa tena. Mfokee."