Huzuni ya Jumanne

Hivi wewe umewahi kumwona mtu akijifunga kitambaa kichwani upande upande, makusudi kabisa, ili aonekane amelemewa na majonzi?

Basi Peres wa Dagoretti alifanya hivyo kila Jumanne. Alizima redio katikati ya wimbo, akafunika sufuria ya samaki wa nyanya na dania, akaketi mlangoni, shavu mkononi.

"Mama Oyoo, kwani umefiwa tena?" jirani yake Rachael akamtania huku akianika nguo.

"Nyamaza wewe! Mtoto wa utafiti anakuja."

Mtoto mwenyewe ni Charmi, msichana wa Kihindi kutoka Westlands, mwanafunzi wa chuo kikuu. Chuo chao kilikuwa kinapima huzuni za wajane, kuona nani anapata nafuu. Mwanzoni Peres alikuwa na huzuni ya kweli, maana kaburi la mzee wake lilikuwa halijaota hata nyasi. Lakini Charmi alimweleza mapema: aliyepona hatembelewi tena. Kwa hiyo siku Peres alipojikuta anafagia huku akiimba, alishtuka. Jumanne bila Charmi ataongea na nani? Wanawe wako Kisumu na mambo yao, na kuku hawajibu.

Charmi akafika, akavua viatu mlangoni, akavuta kigoda. Siku hizi hata ile tableti yake ya kuandikia majibu habebi. Maswali anayo kichwani.

"Mama, wiki hii umelala vizuri?"

"Usingizi? Huo hata njia ya kwangu umeisahau."

"Na chakula?"

"Kinanikwama hapa kooni, binti yangu."

Paka akaangusha kifuniko cha sufuria. Harufu ikajaa nyumba nzima.

"Hiyo ni ya Rachael," Peres akasema haraka.

"Yangu wapi!" sauti ikatoka nje. "Mimi leo ni sukuma kavu!"

Peres aliuma midomo, akajikaza, wapi! Kicheko kikamtoka mpaka kitambaa kikaanguka. Charmi naye akacheka, akajishika mbavu.

Peres akaokota kitambaa, akakikunja taratibu.

"Nimepona," akasema. "Nimepona kitambo. Nilikuwa nakudanganya tu usiache kuja."

Charmi akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Hata mimi nimekudanganya, Mama. Hiyo utafiti iliisha kabla ya Krismasi. Nilikuwa nataka tu kuja."