Zaburi ya Kwaya Mbili

Zaburi ile ya toba, aliyoitungia muziki Mwitaliano mmoja wa kale, huimbwa na kwaya mbili: moja altareni, nyingine mlangoni. Moja ikimaliza ubeti, nyingine huipokea sauti palepale ilipoachwa. Mwalimu Deogratias, kwa ujinga wake, akawapa uongozi wa kwaya hizo dada wawili wasiosalimiana tangu mazishi ya mama yao.

“Mkiimba mtapatana,” alisema.

“Na huyo? Labda nikiwa maiti,” akajibu Skolastika, yule mkubwa.

Ijumaa Kuu, Emerensiana akaanza altareni: “Unihurumie, Ee Mungu.” Kule mlangoni Skolastika hakuipokea sauti ya mdogo wake. Alichukua yake, juu zaidi. Emerensiana naye akapandisha. Wakapandishiana ubeti kwa ubeti, hadi besi wakanyamaza, kisha alto, kisha wote. Wakabaki wao wawili, wakiomba rehema kama watu wanaorushiana mawe.

“Shusheni!” Deogratias alinong’ona. Hakuna aliyemsikiliza.

Ukabaki ubeti wa mwisho, ambao kwaya zote mbili huuimba pamoja. Mwalimu akainua mikono. Dada wale wakavuta pumzi, kila mmoja akiukazia macho mdomo wa mwenzake.