Baiskeli ya Mselem

Uweso, fundi baiskeli, alilizungusha gurudumu hewani, akalitegea sikio, kisha akacheka.

"Mama Bibiana, bwana huyu umesema anafanya kazi wapi?"

"Pongwe, shamba la mkonge. Kila siku anakwenda na kurudi."

"Pongwe ya wapi!" Uweso akapitisha kidole juu ya tairi. "Gololi zimesagika zimekuwa unga. Lakini tazama mpira. Bado una vile vinyweleo vyake vya dukani. Njia ya Pongwe ni kokoto tupu, zingekwisha kuvinyoa. Baiskeli hii haitoki hapa Ngamiani. Mchanga wetu hauli tairi, unaingia kwenye gololi."

"Sasa kutwa nzima anakuwa wapi?"

"Waniuliza mimi? Mwanamume mwenye nyumba mbili mtaa mmoja hamalizi tairi, mama. Zinakuwa karibu mno."

Akacheka tena, akatia gololi mpya na grisi. Bibiana hakucheka. Gurudumu halikuwa lake. Lilikuwa la jirani yake Mselem, na yeye ndiye aliyejitolea kulileta.

Tangu mumewe Luka afariki, Bibiana alikuwa akikaa peke yake, na saa yake ilikuwa baiskeli hiyo. Kila jua likizama, ng'ambo ya ua wa makuti, alikuwa akisikia tiki-tiki-tiki ya gurudumu, kengele inalia mara moja, halafu inafuata sauti ya Mwatumu, mke wa Mselem: "Karibu bwana. Pole na kazi."

Mselem hakuwa mtu wa maneno. Bibiana hakupata kumsikia akijibu hata siku moja. Basi yeye mwenyewe, kwenye kigoda chake, upande wake wa ua, alizoea kujibu polepole: "Nimeshapoa." Hapo ndipo alipoinuka kuwasha taa.

Alikuwa na sauti nzito. Kanisani walimsimamisha na wanaume wakati wa kuimba, na Luka, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania: "Mke wangu, usiku wakibisha hodi itika wewe, wezi wakimbie."

Kisha ghafla baiskeli ikanyamaza. Jioni ikaja na kupita, na nyingine, Bibiana amekaa gizani hajui kama saa ya taa imefika au bado. Mzee Sadalla naye alitambua. Ndiye mwenye nyumba, aliyempangisha Mwatumu chumba cha nyuma, na maneno yake aliyasemea barazani ili mtaa mzima usikie.

"Mimi mwanamke asiye na mume simweki. Huyu alikuja akaniambia mumewe yuko nyuma anakuja. Haya, alfajiri hatumwoni, jioni anapitia uani, hatumwoni. Tukasema si kitu, baiskeli tunaisikia. Sasa hata baiskeli hakuna!"

Mwatumu alieleza kwamba gurudumu limekwama, mumewe anakwenda kwa miguu na kurudi watu wamelala. Bibiana alipomwomba ampe alipeleke kwa fundi, alilikumbatia kwanza kama mtu anayenyang'anywa. Kisha akampa.

Siku hiyo aliporudi nalo, Mwatumu alikuwa akimngoja penye mlango wa uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili hapa. Uweso amelitengeneza."

Mwatumu akalizungusha kidogo kwa kidole. Tiki-tiki. Machozi yakamlengalenga. "Mungu akulipe, mama. Hujui ulilonifanyia."

Bibiana alikuwa amekuja na maneno ya fundi mdomoni. Akayatazama macho yale, akayameza.

"Nimwite Uweso aje alifunge?"

"La, la, usimsumbue. Mselem atalifunga mwenyewe."

Bibiana akarudi kwake. Alijua kwamba akimwambia Mwatumu habari ya nyumba ya pili, binti wa watu atafunga mizigo arudi kwao, na jioni za Bibiana zitarudi kimya vilevile. Lakini kumwacha adanganywe kila siku pia hakuweza. Akaona afadhali amkabili yule mwanamume mwenyewe, hapo hapo ua unapopakana, akishuka tu kwenye baiskeli.

Jua lilipozama alikuwa amesimama penye ua wa makuti, maneno yake tayari. Mara akasikia bakora ya Mzee Sadalla ikigonga ukumbini mle ndani, inakuja nyuma, mpaka kwenye mlango wa uani uliofungwa kwa komeo.

"Mwatumu! Siingii, najua huna buibui. Lakini leo nitasimama hapa hapa mpaka mumeo arudi. Nikisikia sauti yake narudi barazani kwangu, yamekwisha. Nisipoisikia, kesho uhame."

Kisha, tiki-tiki-tiki, gurudumu likaimba kwa gololi zake mpya, na kengele ikalia.

"Karibu bwana," Mwatumu akasema. "Pole na kazi."

Bibiana akasukuma kuti, akachungulia.

Baiskeli ilikuwa imesimama juu ya stendi yake, gurudumu la nyuma linazunguka hewani. Mwatumu alikuwa amepiga magoti mchangani, mkono wake kwenye pedali, na uani kote hapakuwa na mtu mwingine.

"Bwana Mselem!" Mzee Sadalla akagonga mlango kwa bakora. "Mbona hujibu?"

Gurudumu lilianza kupunguza mwendo. Bibiana akavuta pumzi, kama avutavyo kanisani.

"Nimeshapoa, mke wangu."