Zamu ya Mbuzi Mawe

Mlimani waliishi Mbuzi Mawe na mkewe, na desturi yao ilikuwa moja: mmoja akila, mwenzake hulinda. Siku moja theluji ikajaza korongo, ikawatenga, mume huku na mke ng'ambo.

"Navuka nimfuate," akasema Mbuzi Mawe.

Jirani yake Pimbi, mwoga wa siku zote, akaifukua theluji kidogo. "Usithubutu, ndugu yangu. Theluji hii mpya imelalia barafu. Ukiikanyaga tu, itaporomoka nawe."

Mbuzi Mawe akabaki siku kadhaa, akitazama ng'ambo kwenye ukungu. Majani hakuyagusa. "Nikiinama kula, nani atanilinda?"

Jua lilipowaka, theluji ikaporomoka yenyewe. Akavuka mbio, akamkuta mkewe amesimama mwambani, mbavu zinahesabika.

"Mbona hukula, mke wangu?"

"Ningekulaje? Nilikuwa nakulinda wewe ule."